Hodi kwa Jirani Tusiyemjua

"Mtani, mmeamka watu wa Kisima? Au bado mmelala mnatokwa jasho?"

Sauti ya Bukuru iliingia redioni imekwaruzika kwa umbali, kama ilivyokuwa kila asubuhi. Tusekile akaweka chini kikombe cha uji, akavuta kiti.

"Tumeamka, mtani. Na ninyi watu wa jiwe, bado hamjapata wa kuwafundisha kuoga?"

Akangoja. Lwangwa ya Juu, alikokaa Tusekile, na Bangwe, alikokaa Bukuru, ni makazi mawili yaliyojengwa kila moja ndani ya mwezi wake wa barafu, na yote mawili yanaizunguka sayari ya Zohali. Neno likitoka huku lina safari mpaka lifike kule. Ukitania, unakaa kusubiri kicheko kama mtu aliyedondosha kokoto shimoni akisikilizia maji.

Kicheko kikaja, ila kilikuja kifupi.

"Kuoga tungeoga, maji yameganda bombani. Mtani, utani tuuweke kando kidogo. Huku kuna baridi nisiyoielewa."

"Jiwe lenu limechoka?"

Bangwe walipata joto lao kwa jiwe la moto, jiwe zito lililotoka duniani, linalochemka lenyewe kwa lenyewe bila kuni na bila mafuta, na mafundi waliapa kwamba litawatosha mpaka vitukuu.

"Jiwe halijachoka. Limepimwa, likapimwa tena. Linatoa kilekile lilichotoa siku zote. Ila joto likishatoka pale halifiki vyumbani. Nimeziba kila ufa, nimebaki kujiziba mimi mwenyewe. Mtoto wangu Minani analala na koti juu ya koti. Jana amekohoa mpaka mama yake ananitazama kama mimi ndiye baridi."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu yale mavuno, siku ile mliyotuimbia redioni. Tulicheka, tukalala, tukaamka tunatetemeka. Wenzangu wanasema mmetuloga. Nikawaambia, wale wenye Kisima hawana haja ya kuloga mtu, joto lao linawatoka puani."

Tusekile alifungua mdomo ili ajibu utani kwa utani, na utani haukuja. Alimwambia Bukuru amsugue mtoto kifuani kwa mafuta ya moto, akamtakia siku njema, akazima redio. Kisha akageuza kiti polepole akakitazama Kisima.

Mgeni angeulizia kisima kiko wapi, kwa maana maji hayamo. Ni pete mbili kubwa za chuma zilizotazamana, na katikati yake pameachwa patupu, hata hewa imefyonzwa. Katika utupu huo, pete zikiwashwa, joto linachomoza. Halitoki kwenye moto wala kwenye jua. Jua kule ni kama punje ya mtama. Joto linakuja tu, linaingia kwenye mabomba, watu wanapika, wanaoga, wanalea. Waliokibuni walikufa wakibishana ni kwa nini kinafanya kazi. Waliobaki waliacha kubishana, wakazaa watoto.

Kisima kilikuwa na midomo mitatu ya kutolea joto. Miwili ni ya zamani. Wa tatu ulifunguliwa siku ya mavuno, siku ileile watu walipoimba redioni.

Tusekile alikuwa mlinzi wa Kisima, ufunguo ukining'inia shingoni pamoja na msalaba mdogo wa marehemu mumewe, Ambokile. Alijua vizuri mdomo wa tatu ulifunguliwa kwa ajili ya nini. Ulifunguliwa kwa ajili ya migomba.

*

Alimkuta shemeji yake Lugano bustanini, amechuchumaa kati ya matuta ya viazi, anapima udongo. Lugano ni mdogo wake marehemu Ambokile, na ndiye mhandisi wa makazi, mtu mpole mwenye tabia ya kusafisha miwani akiwa na wasiwasi. Aliposikia habari za Bangwe, alivua miwani.

"Shemeji," alisema, "hilo jambo mimi nimelikimbia mwezi mzima."

"Ulikuwa unalijua?"

"Nililihisi. Kulijua ni kitu kingine." Akakaa chini kwenye tuta, suruali na udongo havikumshughulisha. "Nikuulize. Ukifunika chungu jikoni, ukakiziba kisawasawa mvuke usitoke, yale maji yaliyomo yanaweza kuongezeka?"

"Yataongezwa na nani? Yanapanda yakawa mvuke, yanagonga kifuniko, yanarudi."

"Basi. Chungu hicho ndicho tunachokiita mfumo uliofungwa. Kilichomo kimo. Kinahama, kinageuka, hakizidi wala hakipungui. Sasa chungu kisicho na kifuniko ni mfumo ulio wazi. Mtu anaweza kupita akakuongezea maji hata hukumwona. Swali lililowashinda wazee wetu ni hili: ulimwengu wote, nyota na giza lake, ni chungu cha namna gani? Kama uko wazi, joto la Kisima linatoka nje ya vyote, ni zawadi, hakuna aliyepungukiwa. Kama umefunikwa..."

Tusekile akamalizia.

"Kama umefunikwa, tunakula sahani ya mtu."

"Na joto ni kama maji, linafuata njia fupi. Kwa mdomo wa tatu, kitu cha moto kilicho karibu kuliko vyote katika giza hili ni jiwe la Bangwe."

Mbele yao, nyuma ya ukuta wa kioo, migomba ilisimama kwenye mvuke wake, majani mapana yakining'inia kwa raha. Ilikuwa michache. Chini ya ule mkubwa wa katikati alilala Ambokile. Ndivyo walivyozikana watu wa Lwangwa ya Juu, kama babu zao milimani Rungwe walivyozikana uani, karibu na migomba, ili mtu asitoke nyumbani kwake. Lakini mgomba si kiazi. Kiazi kinavumilia baridi. Mgomba ukiguswa na baridi unakuwa mweusi kama mtu aliyepokea habari mbaya. Kabla ya mdomo wa tatu, migomba ile ilikuwa inakufa kidogokidogo, na Tusekile alikuwa akienda pale kila Jumapili baada ya ibada kuyafuta majani kwa kitambaa.

"Tutajuaje?" aliuliza.

"Kwa kufunga mdomo wa tatu. Tufunge na tusiwaambie Bangwe. Tukiwaambia, watapata matumaini, na mwenye matumaini hata baridi haioni sawasawa. Tukae kimya, tumsikilize mtani wako. Akipata joto bila kujua sababu, tutakuwa tumepata jibu."

"Na migomba?"

Lugano alivaa miwani, akaivua tena. "Shemeji, yule ni kaka yangu mimi pia."

*

Baraza lilikaa kanisani kwa sababu ndiyo nyumba pekee iliyowatosha wote. Mwenyekiti alikuwa Bi Subilaga, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ingawa hakuwahi kumwona ng'ombe. Lugano akaeleza mambo ya chungu. Watu wakaguna. Kisha akasimama Mzee Gwakisa, mzee wa kanisa, fimbo mkononi.

"Mimi nina neno dogo. Mana iliposhuka jangwani, ni nani aliyeuliza imetoka ghalani mwa nani? Watu waliokota, wakala, wakamshukuru Mungu. Kisima hiki ni mana yetu. Leo huyu kijana anataka tuikague baraka kama anayekagua noti bandia. Hatujui kama tunamnyang'anya mtu. Hatujui. Kwa nini tujihukumu kwa jambo tusilolijua?"

Wengi wakaitikia. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Na tukishajua, hatutaweza kutojua tena," na kicheko kidogo kikapita, kile cha watu wenye hofu.

Tusekile hakuwa msemaji wa mikutano. Alisimama ameshika mgongo wa benchi.

"Baba Gwakisa, mana umeitaja vema. Lakini mana haikuokotwa mezani pa mtu. Na aliyeokota kupita haja yake, kesho yake alikuta mabuu. Mimi nawaulizeni juu ya kitu kingine. Hapa kwetu ukienda kuazima kitu kwa jirani, unabeba nini?"

Kila mtu alijua jibu. Moto wa kuni hakuna aliyewahi kuuona kule barafuni, lakini desturi ya kuomba moto ilisafiri nao kutoka duniani. Bibi zao walipokwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, walibeba ukuni, wakauweka mekoni pa mwenyeji, ndipo wakateka. Basi huko Lwangwa ya Juu kila nyumba ilikuwa na kifungu cha vijiti nyuma ya mlango, mashina ya viazi yaliyokauka. Ukienda kuazima hata sindano, unapiga hodi, unatoa kijiti. Mwenyeji anakipokea kwa mikono miwili, na kesho yeye atakuja nacho kwako. Vijiti vingine vilikuwa vimezunguka mitaani mpaka vimeng'aa kwa mikono ya watu.

"Tangu Kisima kijengwe," alisema Tusekile, "tumeteka, tumeteka. Nani kati yetu amewahi kupiga hodi? Inawezekana kweli hakuna mwenye nyumba. Inawezekana ni zawadi tupu ya Mungu, nami nitakuwa wa kwanza kucheza. Lakini mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta, hata kama si mimi niliyemkohoza, siwezi kuendelea kutafuna kama sikusikia."

Mzee Gwakisa akaegemea fimbo yake. "Na mumeo je? Mgomba wake ndio wa kwanza kufa."

Ni swali ambalo watu wote walikuwa nalo, ila ni yeye tu aliyekuwa na umri wa kuliuliza.

"Ambokile alikuwa akisema mgeni hapewi kiti chenye joto la mwizi. Akiamka leo akakuta namfunika kwa blanketi la mtoto wa Bukuru, atanifukuza makaburini."

Mzee akacheka peke yake, puani, akakaa. Bi Subilaga akagonga meza.

"Sheria inasema mlinzi anaweza kufunga mdomo wowote akiona una kasoro, bila kuuliza mtu. Je, mlinzi anaona kasoro?"

"Anaona, mama."

"Basi sisi tunapoteza muda hapa. Wenye mablanketi ya ziada wayapeleke kwenye migomba."

*

Walifunga mdomo wa tatu asubuhi, baada ya sala. Tusekile aligeuza ufunguo, na sauti ambayo watu walikuwa wameshaizoea, mvumo kama wa nyuki, ikapungua, ikaisha. Kwaya nzima ilikuwa bustanini ikiivisha migomba. Walifunga mashuka, makanzu, hata joho la zamani la mchungaji. Bi Subilaga mwenyewe alipanda ngazi akafunga kitenge kwenye jani la juu, watu wakiomba ngazi isivunjike, na yeye akawaambia anawasikia.

Baridi ikaingia kama mgeni asiye na haraka. Kwanza kioo kilipata ukungu, kisha ukungu ukawa maua ya barafu. Siku ya kwanza majani yalilegea. Siku iliyofuata pembeni yakawa kahawia. Tusekile alikwenda akasimama pale, mkono juu ya shina kupitia blanketi, akahisi baridi ya maji yaliyomo ndani. Hakulia. Alisema, "Vumilia, mume wangu," kama alivyokuwa akimwambia hospitalini.

Na kila asubuhi alifungua redio, akitania kama kawaida na kutega sikio. Bukuru akalalamika. Kesho yake akalalamika tena. Kikohozi kilisikika nyuma yake, kikavu. Lugano, aliyekuwa amekaa kando na ubao wa hesabu, alianza kuwa na uso wa mtu anayekaribia kusamehewa.

"Labda uko wazi, shemeji," alinong'ona. "Labda ni zawadi kweli."

Migomba ikawa myeusi. Mzee Gwakisa alipita, akautazama ule wa katikati, akavua kofia, akaenda zake bila kusema nilikuambia.

Halafu ikaja asubuhi ambayo Bukuru alichelewa. Alipokuja, nyuma yake palikuwa na kelele, vitu vinaanguka.

"Samahani, mtani. Nilikuwa namkimbiza huyu Minani. Sijui leo ana nini. Ametupa makoti yote mawili, anakimbia na fulana, anasema anaungua. Na kweli, hata mimi nimekunja mikono. Maji yametoka bombani yenyewe, tumeoga nyumba nzima. Sema sasa, utuite wachafu."

Tusekile akamtazama Lugano. Lugano aliweka ubao chini taratibu kama unavyoweka yai.

"Joto lilichelewa tu kurudi," alisema. "Mungu wangu. Umefunikwa." Akajishika kichwa. "Haithibitishi kila pembe ya ulimwengu, lakini Kisima chetu hakina dirisha la nje. Kila tulichokula kilikuwa cha mtu. Na unajua maana yake? Chungu kilichofunikwa mwisho wake joto linalingana kila mahali, na hakuna wa kuchochea."

"Mwisho huo ni lini?"

"Mbali. Mbali kuliko hesabu yangu."

"Basi huo mwachie Mwenye chungu." Alisema hivyo bila dharau. Alikuwa anafikiri jambo lingine, na lilimjia polepole, likamlegeza mabega. "Lugano, kama kimefunikwa, hakuna kilichomwagika. Pumzi ya kaka yako imo humuhumu. Kicheko chake. Joto la mkono wake."

Lugano alitafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Redio ikakwaruza. "Mtani? Umelala?"

Sasa ndipo palipokuwa pagumu. Kufunga mdomo kulikuwa rahisi kuliko kufungua wa kwake. Tusekile akasogea karibu na redio, akamweleza Bukuru yote: Kisima, mdomo wa tatu, migomba, jaribio walilolifanya kimya huku mtoto wake akiendelea kukohoa. Hakupunguza wala hakupaka asali. Alipomaliza akangoja, na safari ya maneno kwenda na kurudi haikuwahi kuwa ndefu kama ile.

"Wezi wakubwa ninyi," sauti ikasema.

Tusekile akafumba macho.

"Wenzangu wanasema mnatuloga, kumbe mnatuibia kabisa. Mchawi ana nafuu." Akavuta pumzi. "Mtoto wangu alikohoa, Tusekile." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina.

"Najua, baba. Nilimsikia. Ndiyo maana tumefunga."

Kisha sauti ya mwanamke ikasikika mbali, mke wa Bukuru, ikisema kitu kwa haraka, na Bukuru akimjibu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika, imechoka lakini imekaa.

"Mama Minani anauliza, hiyo migomba mliyoifanyia wizi, imekufa?"

"Imekufa majani. Ya chini sijui."

"Anasema mwambie mtani wako ni mjinga. Jiwe letu linatoa kuliko tunavyoweza kutumia. Joto la ziada tunalimwaga kwenye barafu nje, tangu zamani, tunayeyusha mashimo yasiyo na faida. Mngebisha hodi tungewapa. Sasa sikiliza. Asubuhi ukiamka, sema unataka kiasi gani. Nami nitaangalia nyumba yangu, nitakuambia teka, au nitakuambia subiri. Na usije mikono mitupu."

"Nitakuja na ukuni," alisema Tusekile.

"Ukuni gani? Hapa kuna jiwe. Lete mgomba."

*

Walifungua mablanketi siku ile mdomo wa tatu ulipofunguliwa tena, kidogo tu, kwa kiasi alichokubali Bukuru. Mashina yaliyokufa waliyakata. Tusekile alipiga magoti juu ya kaburi, akafukua udongo kwa vidole karibu na tunguu la mgomba wa katikati. Chini, palipokuwa na giza na joto la mwisho, palikuwa na ncha nyeupe ya chipukizi, kali kama jino la mtoto. Na pembeni yake nyingine.

"Moja ya kwetu," alisema Mzee Gwakisa, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma yake, "na moja ya wale tuliowaibia. Chombo cha Bangwe kikija, kitaibeba." Akamnyooshea mkono ainuke. "Mwanangu, mana ile, nimekwenda kuisoma tena. Imeandikwa kila mtu aliokota kadiri ya ulaji wake. Nilikuwa nimeyaruka hayo."

Lakini Lugano hakuwa na raha. Alimngoja Tusekile kwenye Kisima, kalamu nyuma ya sikio.

"Shemeji, mdomo wa tatu tumeshajua. Hii miwili ya kwanza je? Imeteka tangu kabla sijazaliwa. Bangwe haikuwepo wakati huo. Inateka kwa nani?"

Waligeuka wote wawili kutazama dirisha dogo la juu, na nyota zake. Zamani Tusekile alipotazama pale aliona utupu, na utupu ulimtisha. Sasa alitazama kama mtu anavyotazama mtaa asioujua wenye taa zinazowaka ndani.

"Tukitumia joto la Bangwe, tunaweza kuipunguza kidogo hii miwili?"

"Kidogo. Mwaka hadi mwaka, zaidi."

"Na redio ikigeuzwa ielekee huko, inafika?"

"Inafika. Ila jibu huenda akalisikia mjukuu wa mjukuu."

"Kubisha hodi hakuna haraka."

Akaenda nyuma ya mlango, akachagua kijiti, kile kilichong'aa kuliko vyote, ambacho Ambokile alikuwa amekileta siku ya kwanza alipokuja kwao kuazima nyundo asiyoihitaji. Akakilaza juu ya mdomo wa kwanza wa Kisima. Lugano akageuza redio mpaka ikaelekea gizani. Kwa desturi mgeni anabisha mara tatu, na kati ya hodi na hodi anampa mwenye nyumba nafasi ya kuvaa.

Tusekile akapangusa mikono udongo kwenye kitenge, akainamia redio.

"Hodi," alisema. "Ni sisi jirani zenu."

Akavuta kiti, akakaa kungoja kabla ya kubisha ya pili.